Kikaragosi cha kibuyu kilichoitikia shikamoo: yaliyonikuta nikifundisha sanaa kwa vijana upande wa Handeni

Wakuu, heshima kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, nikijiuliza nilimwage humu au nife nalo. Leo nalimwaga. Sitaongeza chumvi, na pale nisipojua nitasema sijui.

Wale wenzangu wa "Handeni ni uchawi tu" naomba mkae pembeni kwanza, msome mpaka mwisho. Mimi ni mtu wa Old Korogwe, utani huo nimeusikia tangu nanyonya, na kwa kawaida huwa naujibu kwa matusi.

Kazi yangu ni vikaragosi. Navitengeneza, navichezesha, navisemesha. Najua kuna watakaosema mtu mzima na ndevu zake anacheza na midoli. Semeni tu, midoli hiyo hiyo ndiyo inayolisha nyumba yangu.

Kuna programu ya kijamii kwenye kata moja upande wa Handeni, kijiji sikitaji. Kila Jumamosi asubuhi nafundisha vijana kwenye ghala la zamani la mkonge. Wengine ni wajukuu wa manamba waliokuja kukata mkonge enzi hizo, wengine ni Wazigua wa hapo hapo, wote wanagombania kopo moja la gundi. Tunatengeneza vikaragosi, tunatunga michezo, halafu tunaonyesha kwenye uwanja wa shule au gulioni.

Kati yao alikuwepo binti nitakayemwita Mwanaidi. Kidato cha pili, analelewa na bibi yake mzaa mama, na mjomba wake anaishi hapo hapo.

Mwanaidi ana kigugumizi, tena kile kikali. Shuleni walimu walishaacha kumuuliza maswali. Nyumbani walishazoea kumtuma tu. Akianza neno, mtu anamwangalia kidogo, anachoka, anammalizia yeye. Hata mimi nilikuwa nikimmalizia, nikidhani namsaidia.

Basi siku ya kutengeneza vichwa vya vikaragosi niliwaambia kila mmoja alete kitu cha nyumbani kisichotumika. Wakaja na makopo, kandambili zilizokatika, mmoja akaja na mwiko wa mama yake na akarudishwa nao mbio.

Mwanaidi alileta kibuyu kidogo, cheusi, kinang'aa kwa kushikwa shikwa, kimezibwa kwa kipande cha gunzi.

Nikamuuliza, "Bibi amekuruhusu?" Akaitikia kwa kichwa. Nikadhani kilikuwa cha mafuta ya nyonyo.

Nikalitoa lile gunzi, nikalitupa. Ndani kulikuwa na unga mweusi mkavu, nikaupeperushia dirishani. Nikakata mdomo kwa msumeno mdogo, nikafunga taya kwa uzi, tukakibandika nywele za mkonge.

Najua kuna watu humu wameshashika vichwa. Vumilieni.

Nikamfundisha kuingiza mkono kwa chini, kuchezesha taya, na kusema bila kutingisha midomo. Hii ya midomo ni ngumu, mimi ilinichukua muda mrefu sana. Yeye aliipata upesi.

Siku ya kwanza kukisemesha, wenzake waliacha kugombania gundi. Ilitoka sauti ya mzee, nzito, ya taratibu, haikwami hata kidogo. Kikaragosi kikawatania wenzake mmoja mmoja, yule anayejidai anajua kuimba, yule anayeiba ubuyu wa mwenzake. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Mimi nilitoka nje nikalia. Sioni aibu kusema.

Sikuona ajabu yoyote. Wenye kigugumizi wengi hawakwami wakiimba au wakiigiza, nimeyaona hayo kwenye kazi yangu. Nikajisemea, kijana kapata mlango wake.

Tukaenda kuonyesha mchezo gulioni. Katikati ya mchezo bwana mmoja akaropoka, "Kama unajua kusema sana, sema mbuzi wangu yuko wapi!"

Kikaragosi kikamgeukia.

"Mbuzi wako hajapotea. Kamuulize uliyemwazima kamba."

Watu wakaangua kicheko. Yule bwana hakucheka. Jioni mbuzi alikuwa bandani kwake, na aliyeazimwa kamba alikuwa ameshahamia kwa shemeji yake.

Jumamosi iliyofuata nikakuta watu wazima wamekaa kimya kando ya ukuta wa ghala. Wazee, akina mama, wengine wana kuku waliofungwa miguu. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikafurahi. Nikasema hatimaye wazazi wameanza kuthamini sanaa! Nikawakaribisha ndani waone mazoezi.

Hawakuangalia mazoezi. Walikuwa wanamwangalia Mwanaidi, au tuseme walikuwa wanauangalia mkono wake.

Akanyanyuka bibi mmoja mzee kweli kweli, mgongo umeshapinda. Akaja mpaka mbele ya Mwanaidi. Hakumtazama usoni. Akainama mbele ya kibuyu.

"Shikamoo."

"Marahaba," kikajibu. "Umechelewa kuja."

Watoto hawakucheka. Yule bibi akaanza kulia polepole, akashukuru, akaacha kuku wake, akaondoka. Hakuuliza kitu.

Nikajipa moyo kwamba binti kazidisha utundu. Nilipanga kumkanya baada ya kipindi, lakini aliondoka mbio.

Kumbe aliitwa na mjomba wake. Huyu mjomba ni mtu mchangamfu, ana maneno matamu, na tangu nimfahamu sijamwona akifanya kazi. Alinifuata njiani nikitafuta bodaboda.

"Mwalimu, Mungu akubariki. Umetufungulia riziki. Mtoto keshapata kazi yake, sasa shule ya nini tena? Atakaa nyumbani apokee watu."

Nikamwambia ni kikaragosi, nimekitengeneza mimi, gundi ya mbao na uzi wa nailoni. Akanitazama kwa huruma.

"Kichwa umekitengeneza wewe?"

Wiki ile Mwanaidi hakwenda shule hata siku moja. Nilipomwona Jumamosi nilimweka kando, bila kikaragosi, nikaamua safari hii sitammalizia neno. Tukakaa. Ilichukua muda.

Aliniambia ya mbuzi ilikuwa yeye. Alimwona mbuzi kwa macho yake, amefungwa kwa yule aliyeazima kamba, siku aliyotumwa dukani. Watu wakiwa mbele yake wanasema mambo yao yote, kwa sababu mtu asiyesema wanamwona kama kiti. Anajua nani kamkopa nani, nani kamkimbia nani. Alikuwa anayatoa tu.

Nikashusha pumzi. Logic yangu ikarudi mahali pake.

"Sasa na ile ya kumwitikia bibi wa watu marahaba? Mwanaidi, ile ni adabu gani?"

Akatikisa kichwa.

"Ile s-s-siyo mimi, mwalimu. N-ningewezaje ku-kumwitikia bibi yule ma-marahaba?"

Wakuu, hapo ndipo niliposhikwa na woga wa kweli. Nyie mmelelewa kama mimi. Mtoto wa kwetu, hata uwe mchezo, hata umlipe, hawezi kumtazama bibi wa umri ule akaitikia marahaba. Ulimi wenyewe unakataa.

Halafu nikakumbuka kitu nilichokiona na kukipuuza. Wakati ule Mwanaidi alikuwa ameuma ncha ya mtandio wake kwa meno, kwa woga. Nilikuwa nimesimama karibu yake. Nilisema moyoni, huyu mtoto fundi, anasema hata akiwa ameuma nguo.

Mimi na ufundi wangu wote siwezi kusema nimeuma nguo. Wala simjui anayeweza.

Nikaenda kwa bibi yake mchana ule ule. Nikamkuta anapepeta mahindi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nilijua utakuja."

Akaniambia kibuyu ni tunguli ya dawa ya marehemu mumewe. Alikuwa mganga wa watu, hakuwa na siku ya kupumzika, watu mlangoni alfajiri, watu mlangoni akila. Alipougua alisema hataki mtoto wala mjukuu arithi. Akakiziba mwenyewe kwa gunzi, akafa. Mwanaidi alikitoa darini bila kusema, kwa sababu kusema kwenyewe kwake ni shida.

"Bibi, kwa hiyo anayesema ni babu?"

"Mimi sijui. Mimi najua alifunga mdomo, nyie mkaufungua." Akaendelea kupepeta. "Na mimi nina hamu naye, mwanangu. Kila Jumamosi natamani kwenda kumsikia. Lakini alisema amechoka."

Nilirudi nikamwambia Mwanaidi inabidi tukizibe. Nilitegemea atafurahi. Alikikumbatia kifuani.

"Tukikiziba n-n-nitasema na nani?"

Nilikuwa nimempa mtoto sauti kwa mara ya kwanza, na sasa naambiwa niichukue. Nikamwambia uamuzi ni wake, lakini usiku ule nililala vibaya, nikijua mjomba hatasubiri uamuzi wa mtu.

Na kweli. Katikati ya wiki bibi akanipigia simu niende. Nilipofika nikakuta mikeka imetandikwa uani, watu wamejaa mpaka kwenye migomba. Mwanaidi amekalishwa katikati, amefunikwa kaniki mabegani kama mganga, kibuyu mkononi. Sare ya shule imeanikwa kwenye kamba nyuma yake.

Mzee mmoja akatangulia. Akainama.

"Shikamoo."

Kimya.

Akarudia. Kimya. Mjomba akasogea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Jibu basi, usituaibishe."

Mwanaidi akatoa mkono wake ndani ya kibuyu. Akakiweka chini kwenye mkeka. Akasimama.

"M-m-m..."

Mjomba akataka kummalizia. Bibi akamwambia, "Mwache." Sikuwahi kumsikia bibi yule akipaza sauti kabla ya hapo.

Tukasubiri. Uani pale kuku walisikika wakiparura. Jasho linamtoka, shingo imemkaza, na mimi meno yangu nimeyauma kwa kujizuia nisimsaidie.

"Mimi ni Mwa-Mwanaidi. M-mbuzi nilimwona. S-sijui dawa. Nataka ku-ku-kurudi shule."

Basi. Ni hayo tu, na yalichukua muda wa mtu kula sahani ya ugali. Hakuna aliyecheka.

Alipomaliza neno la mwisho, kibuyu pale kwenye mkeka kikafungua taya.

Hakuna mkono ndani. Hakukuwa na upepo. Uzi niliufunga mimi na haukuwa umekatika, niliukagua baadaye. Taya lilishuka polepole, likabaki wazi, na hakikusema kitu. Kilikuwa kimemwelekea yeye.

Wale wazee walianza kunyanyuka mmoja mmoja. Waliondoka kinyumenyume, hawakukipa mgongo. Mjomba ndiye aliyetangulia kutoka getini, na maneno yake matamu hayakusikika tena siku ile.

Mwanaidi hakukimbia. Alichuchumaa, akalifunga lile taya kwa mkono wake, akaninyooshea kibuyu.

"Kizibe, mwalimu."

Nilikiziba hapo hapo kwa gundi na unga wa mbao kutoka mkobani mwangu. Nilipobana ufa wa mwisho ulitoka upepo kidogo, kama mtu anavyoshusha pumzi akikaa chini baada ya kusimama sana. Unaweza kusema ni hewa iliyobanwa. Mimi mwenyewe huwa nasema hivyo nikiulizwa. Bibi aligeukia ukuta akajifuta macho kwa khanga.

Mwanaidi alirudi shule. Kuna wazazi walioondoa watoto wao kwenye programu, na siwalaumu. Tuliobaki tunaendelea.

Nilichojifunza ni hiki. Sisi wasanii tunaofundisha vijana tunapenda kusema tunawapa sauti. Tunajisifu nayo kweli kweli. Mimi siku hizi kijana akileta kitu cha nyumbani, naenda kwao kwanza kuuliza ni cha nani. Na kijana akikwama kusema, namsubiri. Programu nzima inamsubiri, hata jua lizame.

Ya taya siwezi kuwaeleza. Nimejaribu kulirudia kwa uzi ule ule na kibuyu kingine, haliteremki lenyewe.

Juzi nilimchongea Mwanaidi kikaragosi kipya cha msufi, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchonga. Nilidhani ameikosa ile sauti isiyokwama. Alikigeuza geuza, akanirudishia. Nikamuuliza kama haitamani ile ya zamani. Nikasubiri jibu.

"Ile ilikuwa n-n-nzuri, mwalimu. Lakini hii ndiyo ya-yangu."

Haya wakuu, uwanja ni wenu, wa sayansi na wa mizimu, na hasa wenye kigugumizi au wenye watoto wenye kigugumizi. Pondeni, fundisheni, ulizeni mtakacho. Ila atakayekuja PM kuuliza kibuyu kimefichwa wapi asisumbuke, maana mjomba mtu naye yumo humu humu jukwaani, na bado anakitafuta.