Shikamoo Nisiyoisikia

Leo sokoni Masasi nimeitwa mzee mwenye maringo.

Muuza korosho aliniamkia, nami sikuitikia. Alipopaza sauti ndipo nikamsikia: "Shikamoo tatu, kimya! Babu ana maringo huyu."

Masikio yangu yamechoka tu. Hata hivyo niliona haya, kwa sababu kosa kama lake nililifanya mimi kwanza.

Enzi za Mwingereza, nikiwa mwalimu mgeni Newala, nilimwadhibu binti mmoja, Fatu, kwa kutoniamkia. Nilimtuma bondeni kuteka maji, na mnajua ule mlima wa kupanda kurudi Newala.

Jioni mama yake akanijia.

"Mwalimu, mwanangu hasikii. Kila asubuhi anakupigia goti. Wewe unangoja mdomo tu?"

Nilimwomba radhi. Muhula uliofuata niliomba kuwafundisha watoto viziwi, nikianza na Fatu. Nilidumu nao hadi kustaafu.

Basi leo, nikiwa bado mbele ya muuza korosho, bibi mmoja alinipigia goti mbele ya wachuuzi wote.

Ni Fatu!

Niliweka mkono kifuani kumwitikia. Akamgeukia muuza korosho, akaligusa sikio lake mwenyewe, kisha langu, akacheka.

Nashukuru mno. Walimu wenzangu, ninyi mlisahihishwa na mzazi gani?