Sugu Haioti Mkono Uliolala

Nakumbuka siku moja kule Kunduchi, mwanangu, nilipomcheka mama yangu mzazi mbele ya wageni. Kaa. Hiyo simu iweke chini, wateja wako watasubiri. Tangu tutoke kliniki juzi hunitazami usoni. Unaingia kichwa chini, unaacha maziwa mezani, unatoka. Leo hutoki mpaka nimalize.

Bibi yako alikuwa akikaanga samaki wa kuuza, na samaki alimgeuza kwa vidole. Naam, kwenye mafuta yanayochemka! Anamshika mkia, anamgeuza, anaendelea na mazungumzo yake. Mie wakati huo msichana, mikono imejaa hina, posa ya baba yako iko njiani. Walipokuja washenga, mmoja akashangaa, "Hee, mama, huungui?" Nikadakia mie kwa kicheko, "Huyo mikono yake ilishakufa zamani."

Mama hakunigombeza mbele ya watu. Walipoondoka, akauchukua mkono wangu akaupitisha kwenye viganja vyake, vinakwaruza kama magamba ya changu. Akaniambia, "Haikufa hii, ina sugu. Na sugu haioti mkono uliolala, mwanangu, inaota mkono uliofanya kazi. Ukiiona sugu, usiulize nani mvivu." Niliona haya siku ile, kisha nikaolewa, nikahamia huku Temeke, nikasahau. Maneno yale yamenirudia uzeeni, nimesimama mlangoni mwa chumba changu, nakutazama umeinua godoro langu.

Usikunje uso. Tuyarudie tangu mwanzo, maana mambo haya ukiyaacha yakae tumboni yanaoza.

Walipokata kile kipande cha uvimbe kwenye utumbo wangu mpana, hawakunipa dawa papo hapo. Walikipeleka kupimwa kwanza. Daktari akatueleza sote wawili kwamba dawa hizi hazipigi ovyo, zinalenga. Zinatafuta kasoro moja kwenye seli za saratani na kuiziba, na asiye na kasoro hiyo hazimfai. Majibu yakaja kwamba mie ninayo. Nikafurahi! Mtu mzima anafurahia kasoro.

Basi nikaanza, dripu hospitali, vidonge nyumbani. Uso ukanitoka vipele kama wa msichana anayevunja ungo, mashoga zangu wa Tandika wakanong'ona kwamba najichubua. Nikawaacha waseme, kwa sababu uvimbe ulinywea kweli. Nikala wali nikashiba. Nikaenda harusini, nikacheza kidogo.

Halafu picha ikaonyesha madoa ya kwenye ini, kule saratani ilikokuwa imesambaa, yanakua tena. Daktari akasema saratani imekuwa sugu kwa dawa. Neno hilo wewe unalijua, maana duka lako la dawa kule Boko ndilo linalokulisha, na kutwa unawaambia watu wamalize dozi, vidudu visije vikawa sugu. Ni kweli, na uendelee kuwaambia. Lakini ulilichukua neno la dukani ukanivika mie. "Mama, ulikuwa unaruka dozi." Hukuuliza, ulisema. Nikakuapia kwa Mungu, ukaguna.

Siku ya pili natoka msalani, nakukuta unatafuta vidonge ulivyodhani nimeficha. Kidonge hukukiona hata kimoja. Ulichokikuta chini ya godoro ni sanda niliyojinunulia mwenyewe, ukairudisha kimya kimya, nami nikajifanya sijakuona.

Ukaenda kumwambia daktari kwamba simezi vizuri. Naye akakuamini, si wewe ndiye mtu wa dawa? Akasema basi turudie zile zile, safari hii nisimamiwe. Ukanisimamia. "Fungua mdomo, mama. Toa ulimi." Mie, niliyekutafunia nyama ukiwa huna meno! Niliumia, sikufichi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nikameza mbele ya macho yako, na uvimbe nao ukakua mbele ya macho yako.

Juzi ndipo daktari alipokwambia, "Mama alikuwa anameza tangu mwanzo. Dawa iliziba mlango mmoja, saratani ikatafuta mwingine. Hakuna aliyezembea." Ulitazama sakafu. Mie nilimkumbuka bibi yako na mafuta yake ya moto. Ningekuwa simezi, saratani ingeizoea dawa gani? Sugu ile ndiyo shahidi wangu kwamba nilimeza kila siku, hata siku nilizotapika.

Sasa wamechukua damu watazame ni mlango gani umefunguka. Huenda wakaongeza dawa ya pili ikaufunga, huenda dawa hiyo haipo hapa nchini, huenda haipo kabisa. Na ule muda tuliopoteza kwa kurudia dawa iliyokwisha kushindwa haurudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Najua ndiyo sababu hunitazami.

Basi nasaha yangu ni hii. Dawa ikishindwa, usiende kumtafuta mkosaji kitandani kwa mgonjwa. Nenda kwa daktari kwanza, umuulize ugonjwa umebadilika nini, na kipimo gani kitatuonyesha. Kuuliza si ujinga. Mgonjwa naye muulize ukiwa umekaa naye, usimpekue. Wateja wako pale dukani wana mama zao, wafundishe na hili. Na wewe usijilaumu usiku kucha. Ulikosea kwa sababu ulitaka niishi. Ulikosea kweli, lakini nimekusamehe, tena bila kinyongo.

Keshokutwa tunakwenda kusikiliza majibu. Utakaa kiti cha karibu yangu, utainua kichwa, utasikia kwa masikio yako. Wakisema dawa ipo, nitameza, na ulimi wangu hutaukagua. Wakisema haipo, tutarudi wote nyumbani, nawe utanipikia uji mwepesi. Godoro utakuja kuliinua siku yake ikifika, maana unajua kilichopo chini.

Mwenyezi Mungu akuoteshe sugu mikononi, mwanangu, moyoni asikuoteshe hata moja. Sema amina. Kwa sauti, nisikie.