Sauti ya Kiume Chumbani kwa Fundi wa Tovuti

Kwa maelezo ya mshona nguo wa chumba cha jirani, binti wa mlango wa tatu anaficha mwanamume.

"Anajifunika shuka gubigubi mchana kweupe," anasema, pini akiwa amezibana mdomoni. "Halafu namsikia mwanamume anaongea humo ndani, mbiombio kama mnadi mitumba. Kuingia humwoni, kutoka humwoni. Sisi si watoto jamani!"

Saa nne asubuhi mlango uko wazi, na shuka lipo kweli. Chini yake amekaa dada wa miaka ishirini na saba, simu mkononi. Kila kidole chake kinapogusa kioo, sauti ya kiume inasoma: "Bei zetu. Vitanda. Tuma ujumbe."

Anafunua shuka, jasho linamtiririka, anacheka. "Ndiye huyo bwana wangu. Mwambieni huyo fundi cherehani aje ampime suti ya harusi."

Kazi yake ni kutengeneza tovuti, zile kurasa ambazo maduka na zahanati hujitangazia kwenye mtandao. Ya leo ni ya muuza samani. Kabla hajaikabidhi, anaipitia yote gizani, akiongozwa na sauti ya simu peke yake, kama anavyoipitia mtu asiyeona.

Anaye mtu huyo. Ni kaka yake.

Kaka ndiye aliyetangulia chuo kikuu kusomea teknolojia ya habari. Mwaka wa pili, presha ya macho ikamnyang'anya mwanga. Akarudi nyumbani na kompyuta yake, akamkalisha mbele yake mdogo wake, wakati huo yuko sekondari. Yeye anasema, mdogo anaandika.

"Alikuwa mkali huyo!" dada anakumbuka. "'Kitinda, nisomee ulichoandika. Hapana, futa, anza upya.' Nalia, naandika. Ikikubali, tunashangilia hadi mama anatufukuza sebuleni."

Kitinda ni jina lake la nyumbani, maana ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake. Alipofaulu, alichagua kozi ileile ya kaka. Chuoni alijifunza kuunda programu na kutunza taarifa za watu maelfu zisipotee. Mafunzo kwa vitendo yakampeleka kwenye kampuni ndogo ya tovuti, wakambakiza. Baadaye akajitegemea.

"Mwezi mmoja kazi tatu, mwezi mwingine nahesabu boriti," anasema.

Tovuti ya kwanza aliyoijenga peke yake ilikuwa ya zahanati. Aliipamba kwa vitufe vya michoro mizuri, akamtumia kaka kwa kiherehere. Kesho yake kaka akapiga.

"Kitinda, simu inaniambia kitufe, kitufe, kitufe. Nimebonyeza kimoja, sasa sijui nimepata daktari wa macho au nimeandikishwa kujifungua."

Wakacheka wote. Kisha kaka akasema taratibu: "Umejenga nyumba nzuri, mdogo wangu. Ila milango umeichora ukutani."

"Hapo sikucheka," anasema dada. Michoro ile hakuiwekea maneno, kwa hiyo sauti haikuwa na la kusoma. "Yeye ndiye aliyenifundisha, na yeye ndiye niliyemsahau."

Tangu hapo analo shuka. Lakini anajua halitoshi.

"Mimi nikichoka nafunua. Yeye hafunui. Kuna makosa atayasikia yeye, mimi nitayapita hivihivi."

Kaka anaishi mji mwingine kwa shangazi yao, akipokea simu katika duka la vifaa vya ujenzi. Akiulizwa habari za kompyuta hujibu, "Hayo yalishanipita."

Dada hakubali. Karibu na dirisha ameweka meza ya pili, na juu yake kompyuta na spika. Wateja wawili wamekubali kazi zao zikaguliwe na kaka kabla hazijatoka.

"Simwiti kwa huruma. Nataka mwenzangu wa kazi," anasema, huku akipanguza meza ambayo haina vumbi. "Nimemkumbuka hata anavyonigombeza."

Anampigia, anaweka sauti ya juu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Kitinda. Umekula?"

"Nimekula. Kaka, meza yako iko tayari. Njoo tufanye wote. Utakuja?"

Upande wa pili mabati yanaburutwa. Mteja anaulizia misumari ya inchi nne.

"Ipo," kaka anamjibu mteja. "Kilo ngapi?"

Misumari inamiminwa kwenye mizani. Mteja anashukuru, anaondoka. Duka linatulia.

"Kaka?"

Simu haijakatwa. "Nitumie kazi moja kwanza, Kitinda," kaka anasema, "nisikie kama milango inafunguka."