Wiki ya Mzwandile

Denzil Trembath na Mzwandile Ntshinga wamelalia kitanda kimoja miaka kumi na moja, na sidhani kama wamewahi kukaa pamoja hata saa moja. Huyu akija, yule anaondoka. Wanakutana kwenye uwanja wetu wa ndege wa vumbi hapa Kourani, wanapeana mikono na funguo za chumba namba kumi na nne, wanatia sahihi daftari la makabidhiano, basi. Wiki sita huyu anatunza vinu vya kusagia mawe ya dhahabu, wiki sita yule. Sheria ya kambi ni moja na haina huruma: mwenzako hajashuka kwenye ndege, wewe hupandi. Pasi yako inakaa kwa Doumbouya wa usafiri, ndani ya kabati la chuma, na Doumbouya hana mchezo na mtu.

Mimi ni nesi wa zahanati ya kambi. Jina langu Nyamizi, kwetu Geita, lakini nimekaa hapa Guinea hadi nalilalamikia vumbi la Januari kama mwenyeji. Nasema wazi: tunalipwa vizuri, tunakula vizuri, na tumefungwa. Kutembea kwa miguu nje ya uzio ni marufuku. Ukitaka ndizi za sokoni ujaze fomu, upewe gari na dereva. Jioni utawaona watu wazima na vitambi vyao wakizunguka uzio kwa ndani, mzunguko baada ya mzunguko, utadhani wanatafuta mlango. Siku tunazijua kwa sahani: samaki ni Jumatano, nyama choma ni Jumapili. Mwanangu wa mwisho siku hizi akiumia anamlilia dada yangu, anamwita yeye mama.

Denzil ukimwita Mwingereza ananuna. Yeye ni mtu wa Cornwall, pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, na kwao wamechimba madini tangu babu wa babu yake. Ni mtu wa utani, anaiba maandazi yangu mezani huku ananitazama machoni. Lakini Januari hii shinikizo lake la damu lilipanda hadi nikamfungia mlango wa zahanati.

"Sema. Kuna nini?"

"Chumvi ya jikoni, Sista."

"Chumvi gani? Mimi si nakula hiyo hiyo? Usinizuge, mzee."

Akatazama mlango kwanza. Kisha akaniambia. Kijana wake Jory, ambaye kantini nzima inajua ni baharia, hajawahi kukanyaga meli. Yuko gerezani mwaka wa tatu, alimgonga mtu kwa gari akiwa amelewa. Anatoka Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mama yake alishafariki, na Denzil muda wote huo hakwenda kumwona hata mara moja, kwa aibu. Sasa kijana alikuwa ameomba jambo moja tu: nikitoka nikukute getini.

"Ndege yangu ni Jumamosi," akasema. "Jumapili jioni nipo nyumbani. Jumatatu nipo getini tangu alfajiri."

Nikamwambia vizuri sana, nikampa vidonge, nikamwachia na maandazi mawili. Nilifurahi kweli.

Ijumaa, kama saa tano hivi, alikuja kupimwa tena. Mikono yake ilikuwa na grisi, kwa hiyo simu yake ilipolia nikamwekea mezani, sauti ikawa wazi. Ni Mzwandile, kutoka Johannesburg.

"Kaka mkubwa! Kinu cha pili bado kinakohoa?"

"Kinakungoja wewe. Umefunga mizigo?"

"Ndiyo nilichokupigia. Kesho siji. Nachukua wiki yangu."

Nikaona rangi ikimtoka Denzil. "Wiki gani?"

"Ya Septemba. Au umesahau?"

Alikuwa amesahau. Katika kazi hii mtu humwomba mwenzake kwa simu, nipe siku chache, na mwenzake anabaki kwenye vinu. Ofisi haihusiki. Ila siku ulizochukua, mwenzako atazidai wakati anaotaka yeye, na hapo hakuna majadiliano. Mwenye akili huuliza mapema: bado nina wiki yako, utaichukua lini? Denzil hakuuliza. Septemba alimwambia Mzwandile anaumwa tumbo, akabaki kwao wiki nzima anavua samaki na marafiki zake. Mwenyewe alinisimulia huku anacheka.

"Mzwandile, ndugu yangu, si wiki ijayo?"

"Haiwezekani. Jumapili tunafunua jiwe la kaburi la mama. Ukoo wote umeshaitwa, ng'ombe ameshanunuliwa."

"Mama yako alikufa? Lini?"

"Septemba, kaka. Alizikwa wiki ile. Picha yake si niliibandika ndani ya kabati letu?"

Denzil akafumba macho. Kumbe ile picha alikuwa akiiona kila asubuhi akichukua shati. "Kwa nini hukuniambia? Ningepanda ndege siku hiyo hiyo!"

"Ulisema unaumwa. Mgonjwa namwitaje? Mazishi sikwenda, yamepita. Hili la jiwe, mwana mkubwa nisipokuwepo, nyumbani sina uso tena." Akakohoa. "Lakini sauti yako siipendi. Una jambo nyumbani? Sema, Denzil. Tiketi ya leo jioni bado ninayo mfukoni. Neno moja tu, nakuja."

Nikashika mkono wa Denzil, grisi na yote. Nikamwonyesha kwa midomo: mwambie! Kambi nzima hakukuwa na fundi mwingine wa kumpokea, ni huyo mmoja. Nikampiga bega. Mwambie!

Denzil akauondoa mkono wangu.

"Hamna jambo," akasema. "Kamfunulie mama jiwe lake. Nisamehe."

"Una hakika?"

"Nenda, kaka."

Simu ilipokatika nilimpandishia. Sikujali umri wake. "Na mtoto je? Tuma basi mtu akampokee!"

"Nimtume nani, Sista? Wote nimewaambia yuko melini."

"Mpigie huko aliko!"

"Simu ya gerezani inapiga nje, haipokei. Alinipigia jana, akasema hiyo ndiyo ya mwisho, tutaonana getini." Akainuka, akanawa mikono kwenye beseni langu kwa muda mrefu kuliko grisi ilivyohitaji. "Ile wiki ni yake. Niliichukua kwa uongo. Ningemnyang'anya tena?"

Nikamtupia taulo.

Jumamosi ndege ikaja bila Mzwandile, ikaondoka bila Denzil. Doumbouya aliita majina kwenye orodha, akaliruka la Denzil. Jumapili sikumwona kwenye nyama choma. Jumatatu saa mbili na nusu alikuja zahanati akiwa na kofia ya kazi, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, akaweka simu kwenye goti. Sikumpima. Nilipanga chupa za dawa ambazo zilikwisha kupangwa.

Saa tatu ikapita. Na nusu ikapita. Saa nne kasoro dakika tano simu ikalia, namba ngeni, na yeye akashindwa kuigusa, nikabonyeza mimi.

"Baba, ni mimi. Nimeazima simu ya mama mmoja hapa." Kijana alikuwa anahema, tena kwa furaha. "Nimezunguka maegesho yote mara mbili, sikuoni. Siku hizi unaendesha gari gani?"

Denzil akanitazama mimi.