Mlima Uliogeuka Kwenye Kona

Nilikuwa mchoraji wa barabara kabla kompyuta haijafika ofisini kwetu Moshi, na nalisema hilo kwa majivuno. Nilichora kwa kalamu ya wino kwenye meza iliyoinama, na mkono wangu haukutetemeka hata siku ambazo ofisi nzima haikuwa na habari nyingine ila ya kupunguzwa kazini. Miaka ile kupunguzwa kulikuwa kama homa ya matumbo: ukisikia kwa jirani, unaanza kujipapasa mwenyewe. Viwanda vilikuwa vinauzwa, watu wazima wanarudi mlimani na barua mfukoni, na sisi wa chumba cha michoro tulijua zamu yetu iko njiani.

Zamu ilikuja na mashine. Kompyuta ilishushwa kwenye gari asubuhi moja, ikawekwa juu ya meza ya kuchorea, na wachoraji wenzangu, wanaume tupu, mimi nikiwa mwanamke peke yangu, wakaizunguka kama watu waliokuta nyoka aliyekufa: kila mtu anaangalia, hakuna wa kugusa. Injinia wetu hakutuficha. Makao makuu yalikuwa yametupa mashine ile kwa majaribio, pamoja na programu yake ya kuchora barabara. Tukiweza kutoa mikato ya ardhi ya barabara mpya ya mlimani kabla wakubwa hawajaja kukagua, mashine inabaki, na chumba cha michoro kinabaki. Tukishindwa, mashine inakwenda Dar, kazi yote itafanyikia huko, na sisi tutashikwa mkono na kuambiwa asante.

"Nani ataijaribu?" akauliza.

Nikasema mimi. Sikuwa na ujasiri wowote wa ajabu. Nilikuwa na watoto, na nilikuwa na hasira.

Kwa asiyejua kazi hii, mkato wa ardhi ni picha ya ardhi kama ilivyo leo, kabla tingatinga halijaigusa. Chukua mkate, kata kipande, kisha tazama ule uso wa kipande. Ndivyo tunavyoikata ardhi, kukingama njia ya barabara, kila baada ya hatua kadhaa, tuone inapanda wapi na inashuka wapi. Bila mikato hujui uchimbe wapi wala ujaze wapi. Ukiikosea ardhi iliyopo, barabara utakayochora juu yake itakuwa ndoto tu, hata ukiipamba vipi.

Mashine ilitaka mambo matatu kwa kila nukta: iko umbali gani kutoka mwanzo wa barabara, iko kulia au kushoto kwa mstari wa katikati na kwa mita ngapi, na ina urefu gani. Ya kushoto ilitiwa alama ya kutoa. Hapo ndipo alipoingia mzee wetu wa vipimo. Alikuwa mzaliwa wa mlimani kama mimi, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mpole kwa watu na mkali kwa vyombo vyake. Yeye na watu wake walishinda migombani na fimbo na tepu, na wakirudi yeye anakaa kando yangu, ananisomea, mimi naingiza.

"Juu, mita tatu," anasoma. "Juu, mita sita. Chini, mita tatu. Chini, mita tano, hapo ni kwenye masale ya mpaka."

"Mzee, mashine haijui juu wala chini. Inataka kulia na kushoto."

Akafikiri. Barabara yetu ilipoanza ilielekea magharibi, na ukielekea magharibi pale kwetu mlima uko mkono wa kulia. "Basi juu ni kulia," akasema, "na chini ni kushoto. Kuna shida gani?"

Hakukuwa na shida. Injinia alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe cha chai, akakubali. Nikaandika kwenye kipande cha karatasi, nikakibandika pembeni ya kioo cha mashine, tukaendelea na kazi.

Mgeni atacheka, lakini watu wa mlimani hatujui kulia na kushoto. Tunajua juu, yaani mlima uliko, na chini, yaani Kahe na joto lake. Mama yangu hakuwahi hata siku moja kuniambia nilete sufuria ya kulia; alisema ile ya upande wa juu, na tulikuwa ndani ya jiko lisilozidi vitanda viwili. Hata mjini Njoro ukiuliza duka utaambiwa liko upande wa juu wa barabara, na barabara yenyewe ni tambarare kama meza. Injinia, mtu wa kanda ya ziwa, alipohamia Moshi alizunguka nusu siku nzima Shirimatunda akitafuta nyumba ya kupanga iliyokuwa "juu kidogo". Alikuwa anatazama ghorofani.

Kipande cha kwanza cha barabara kilitoka vizuri mno. Nilibonyeza, na mikato ikajipanga kwenye kioo mmoja baada ya mwingine, ardhi ikipanda kulia, ikishuka kushoto, kama nilivyoijua kwa miguu yangu tangu utotoni. Niliwaita wenzangu waje waone. Walikuja, wakaona, wakarudi kwenye meza zao.

Kisha tukavuka kona ya kwanza. Ile barabara haipandi mlima kwa kuukabili. Inakwenda upande, inakata kona kali, inarudi, inakata tena, kama mtu mwenye mzigo mzito. Baada ya kona ile mambo yaliharibika. Mahali pa kuchimba, mashine ilitaka kujaza. Mahali penye bonde, iliweka ngema. Tuta la kifusi lilikuja kubwa kiasi kwamba ungehitaji kuuhamisha mlima mwingine ili kulijaza. Tukivuka kona ya pili, mikato ikawa mizuri tena. Kona ya tatu, balaa lile lile.

"Dada," injinia akasema, akiwa ameinama kwenye kioo, "hii barabara inapita hewani?"

Wenzangu nao wakapata sauti. Mmoja wao akasema mashine za watu haziendeshwi kwa mikono iliyozoea mwiko wa mtori. Nilimjibu neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Nikafuta kila kitu tangu kona ya kwanza, nikaingiza upya, namba baada ya namba, mzee akinisomea polepole kama anasoma somo kanisani. Yakatoka yale yale. Niliogopa sana. Nilijiona nimerudi kwa mama na barua mfukoni, nami ndiye niliyejitia kimbelembele na kuwaponza wenzangu wote.

Wakubwa walikuwa wanakuja wiki ile. Injinia akasema kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko kelele, kwamba labda aandike kuwa vipimo vina kasoro na kazi irudiwe Dar. Mzee wa vipimo akainuka kwenye kiti.

"Vipimo vyangu havina kasoro," akasema.

"Basi twende tukavione," nikasema mimi. "Tuchapishe mikato, tupande, tusimame palepale."

Tulipanda na Landrova mpaka juu ya kona ya kwanza. Nilishuka na karatasi zangu, nikasimama katikati ya vigingi vya barabara nikitazama mbele kama mashine inavyotazama, nikatafuta mkato wa mahali pale. Karatasi ilisema kulia ardhi inapanda kwa ghafla, halafu inalala, halafu inapanda tena. Kulia kwangu palikuwa na bonde na paa la nyumba ya mtu huko chini. Mzee akapima upya kimo kimoja, akanionyesha: kilikuwa sawasawa na alichonisomea. Injinia akakuna kichwa. Jua lilikuwa kali, na mimi machozi yalikuwa karibu, nikainua ile karatasi kujikinga uso ili wasinione.

Jua likapenya karatasi. Mstari wa wino ukaonekana kwa nyuma, umegeuzwa, na chini ya mstari ule, nje ya karatasi, nikaiona ngema ya kushoto. Inapanda kwa ghafla, inalala penye migomba, inapanda tena. Mstari na ngema vilifuatana kama nguo na mtu aliyepimiwa.

Nilipiga kelele. Mzee akadhani nimeumwa na siafu.

"Mzee! Juu ni wapi?"

"Binti, umepatwa na nini? Juu si juu?"

"Nionyeshe kwa mkono!"

Akanyoosha mkono kuelekea mlimani kwa subira ya mtu anayemhudumia mgonjwa. Ulikuwa mkono wa kushoto. Akautazama mkono wake. Akageuka, akaitazama ile kona tuliyoipita. Akarudi kuutazama mkono.

"Yesu na Maria," akasema. "Tumegeuka."

Tulikuwa tumegeuka. Baada ya kona barabara ilielekea mashariki, na mlima uliokuwa kulia sasa ulikuwa kushoto, lakini sisi tuliendelea kuuandika kulia kwa sababu kwa mtu wa kwetu mlima hauhami. Juu ni juu. Kila namba ilikuwa ya kweli, na kila mkato wa kipande kile ulikuwa kinyumenyume. Injinia aliposhika maana alikaa chini kwenye nyasi na suruali yake safi, akacheka hadi akashika mbavu. "Kwetu hakuna mlima," akasema, "kwa hiyo hatuna kosa kama hili. Lakini mimi nilikuwepo, nikakubali na chai yangu mkononi." Tukacheka wote watatu, na mimi nililia palepale, kwa raha, bila kujificha tena.

Kurekebisha hakukuwa kugumu. Kuanzia kona ya kwanza hadi ya pili nikabadilisha alama, ya kulia ikawa ya kushoto, nikaacha kipande kinachofuata, nikabadilisha kingine. Tatizo lilibaki kwenye kona zenyewe, maana pale katikati ya kona mlima hauko kulia wala kushoto, uko usoni, na mzee alikuwa ameamua juu na chini kwa kubahatisha. Zile zilipimwa upya. Mzee alifunga kitambaa cha kitenge kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto ili asisahau, na watu wake wakamtania kwamba amevishwa kama bwana harusi.

"Kushoto, mita tatu," akanisomea tuliporudi ofisini, akitazama kitenge kwanza.

"Asante mzee."

"Usinishukuru. Ingiza."

Nilipobonyeza safari ile, mikato ilipita kwenye kioo kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwenye kila kona ardhi ilijigeuza yenyewe kwa adabu, mlima ukihama kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi. Tuta lile la ajabu liliyeyuka. Niliipiga meza kwa kiganja. Yule wa mwiko wa mtori alikuja, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama ningeweza kumfundisha. Nilimwambia nitamfundisha. Nilimfundisha kweli, ingawa kwanza nilimtuma aniletee chai.

Mkubwa kutoka makao makuu alikuwa mtu wa maneno machache na viatu vya kung'aa. Aliifunua mikato yetu karatasi kwa karatasi, bila kusema nzuri wala mbaya. Kisha akaweka kidole kwenye mkato mmoja, ng'ambo ya kona ya tatu, mahali alipochagua mwenyewe.

"Twende hapa," akasema.

Tulikwenda. Mzee akasimamisha chombo chake cha kupimia, mtu wake akatembea na fimbo, na injinia akashika mchoro. Mzee akataja kimo, injinia akajibu kutoka kwenye mchoro. Sawa. Akataja kulia. Sawa. Kushoto, karibu na mstari. Sawa. Mkubwa akauchukua mchoro mwenyewe, akaonyesha mahali upande wa kushoto ambapo mstari wa ardhi ulidumbukia kidogo kisha ukainuka.

"Hili shimo silioni," akasema. "Hapo ni majani matupu. Mashine imelizua?"

Hakungoja jibu. Akapiga hatua kwenda kuthibitisha, na kiatu kikazama chote. Ulikuwa mfongo, mfereji wetu wa maji ya mlimani, umefunikwa na majani hadi huwezi kuujua usipokuwa mwenyeji, na maji yake ni ya baridi kweli. Hakuna aliyethubutu kucheka. Injinia alijikohoza. Mkubwa akasimama na mguu mmoja majini, akatazama mchoro, akatazama chini, akatazama mchoro tena. Kisha akaanza kutabasamu, taratibu.

"Shimo lipo," akasema. Akautoa mguu, akanigeukia mimi, si injinia. "Mama, mashine inabaki Moshi. Nanyi mnabaki nayo."

Sikujua nitafanya nini na furaha ile. Haikuenea kifuani. Nilisimama katikati ya vigingi mbele ya wote, nikapiga vigelegele, kama ninavyopiga kwenye ubatizo, kwa pumzi yangu yote. Bondeni walikuwepo akina mama wanachuma kahawa, nasi tulikuwa hatujawaona. Wakanijibu palepale, mmoja, kisha watatu, kisha shamba zima.

"Mae, mama yangu, kuna harusi?" mmoja akaita kutoka kwenye migomba.

"Mashine inabaki!" nikamjibu.

Hawakujua mashine gani. Wakapiga tena, virefu kuliko vile vya kwanza.