Kikohozi cha Mbweha

Dada yangu anashona mapazia. Ukimkuta kwenye cherehani, pini mdomoni, utadhani hana neno na mtu. Usidanganyike. Ana kinyongo cha miaka mingi, na chote ni juu ya mjomba wetu, kaka yake mama wa tumbo moja.

Mjomba ndiye aliyetuleta nchi hii, mama, dada na mimi. Alitupokea bandarini, akakohoa mara mbili, kama kawaida yake anapotaka kudanganya, akasema, "Sikilizeni, wanangu. Mkiwa na mimi, mmefika." Akachukua pasipoti zetu eti azihifadhi, akatuingiza kwenye karakana yake ya mapazia.

Bibi alipofariki kule nyumbani, mama alimwomba mjomba ampe pasipoti yake akamzike mama yao. Mjomba akakohoa. "Nimezitafuta, dada, sizioni." Kisha yeye akapanda ndege, akaenda kuzika, akarudi na salamu za rambirambi. Pasipoti zikaonekana baadaye, kwenye droo yake mwenyewe. Wenzetu wa huku wanamwita Mfadhili, na mimi nikilisikia hilo jina natamani kutema mate.

Karakanani, mjomba akitoka tu, dada alikuwa akimwigiza, kikohozi na yote, washonaji wakacheka mpaka mishono ikaenda kombo.

Mwaka huu chama chetu cha wahamiaji kikaamua kuingiza sauti za lugha yetu kwenye ile katuni ya zamani ambayo kila mtoto anaijua. Familia ya sungura inakimbia njaa, inavuka bahari melini ndani ya sanduku la karoti, na bandarini inapokelewa na mbweha mwenye koti zuri. Wanaume walijaribu sauti ya mbweha, wote wakanguruma tu. Fundi wa sauti akawa amechoka.

"Hebu nipisheni," dada akasema.

"Lakini huyu mbweha ni dume, dada," fundi akasema.

Dada akakohoa mara mbili. "Sikilizeni, wanangu. Mkiwa na mimi, mmefika." Maneno hayo hayakuwemo kwenye filamu. Fundi akayaacha, maana yalimkaa mbweha barabara.

Mimi ndiye niliyeingiwa na hofu. "Mama je? Huyu unayemwigiza ni kaka yake. Hajawahi kumsema hata siku moja."

"Nataka watu wamjue huyu mtu mama akiwa hai."

"Na mama akikususa?"

"Basi atanisusa," dada akasema, lakini uzi ulimshinda kuupitisha kwenye tundu la sindano.

Siku ya kuionyesha katuni ukumbini, alimwalika mjomba yeye mwenyewe, akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Bila wewe tungekuwa wapi, mjomba? Njoo ukae mbele." Akaja na koti jipya, akaketi kando ya mama. Taa zikazimwa. Sungura wakashuka melini, na mbweha akakohoa mara mbili.

Watoto wakacheka. Watu wazima wakatazamana, na nyuma yangu mshonaji mmoja akaguna.

"Mkiwa na mimi, mmefika," mbweha akasema. "Leteni hivyo vitu vyenu niwahifadhie."

Mjomba, kwa hasira au kwa mazoea tu, sijui, akakohoa. Mara mbili. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtoto mmoja akageuka akamwambia mama yake kwamba mbweha amekaa pale mbele, na hakuna aliyemkanya. Roho yangu ilisuuzika, siwafichi.

Mjomba akainuka aondoke. Nikamtazama dada. Hakuwa akimwangalia mjomba hata kidogo, macho yake yote yalikuwa kwa mama.

Mama akamshika kaka yake mkono wa koti.

"Kaa chini, kaka," akasema, wala hakupunguza sauti. "Mama yetu ulimzika peke yako. Hii tutaitazama pamoja, mpaka mwisho."

Mjomba akakaa.