Fundi Aliyeuvua Ufunguo

Alizaliwa mwaka 1931, mtoto wa sita wa seremala, katika chumba cha nyuma ya karakana, na mama yake alizoea kusema kwamba mwanawe alinusa maranda kabla ya kunusa maziwa. Alibatizwa akiwa na miaka kumi na tisa, siku moja na baba yake. Watu wote walimwita Fundi, hata mkewe.

Alipotimiza miaka thelathini na miwili, wazee wa kanisa walimtuma kwenye mtaa mpya wa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, ambako hapakuwa na kanisa. Alikwenda na msumeno. Alipewa ghala tupu la chumvi, akatengeneza mabenchi kumi na mawili kwa mkono wake, na Jumapili ya kwanza wakaja watu watatu: mwanamke mmoja dobi mwenye ulimi mkali, mama yake huyo dobi, na mlevi aliyedhani pale ni dukani. Mlevi alibaki, akaja kuwa mpiga kengele. Siku zile zilikuwa tamu! Mvua ikinyesha kuta zilitoa jasho la chumvi, mbao zilinukia, na watu waliimba bila vitabu mpaka majirani wakajua beti zote. Waliokuwapo wakizikumbuka leo, machozi huwalengalenga.

Lakini Fundi alilipenda kanisa lile kupita kiasi. Mlango alifungua yeye, sakafu alifagia yeye, alihubiri yeye, alizika yeye. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi. Mwaka wa saba homa ya matumbo ilimlaza hospitali ya mbali majuma matano, na ufunguo ukalala naye chini ya mto. Aliporudi alikuta mabenchi yana vumbi. Jumapili ya kwanza ya kulazwa kwake watu walikuta kufuli wakarudi makwao. Ya tano hakuja mtu. Na katika majuma hayo mama yake dobi alikuwa amefariki.

Dobi alimfuata mle ndani, mikono bado ina povu la sabuni.

"Fundi, mama yangu tumemzika kimyakimya. Tulisimama kaburini tunatazamana, hakuna aliyethubutu kuomba. Miaka yote umetuombea wewe tu. Hivi hili kanisa umetujengea sisi, au umejijengea mwenyewe?"

Fundi aliketi kwenye vumbi akalia kama mtoto. Kisha akauvua ule uzi, akamwekea dobi ufunguo kiganjani.

"Jumapili utafungua wewe, dada. Utaomba wewe. Mimi nitakaa benchi la nyuma."

"Na nikikosea je?"

"Mimi nimekosea miaka saba, na Mungu hajahama."

Jioni ile wakaenda wote kaburini, na dobi akamwombea mama yake kwa sauti yake mwenyewe.

Miaka miwili Fundi alikaa nyuma, amenyamaza, na kwake mfungo huo ulikuwa mgumu kuliko wa chakula. Wimbo ulipoanzishwa juu mno, aliuma mdomo. Walipoweza kusimama bila yeye, aliaga akaondoka, akaanzisha makanisa mengine manne, na katika kila moja alitafuta mshika ufunguo kabla ya kupigilia msumari wa kwanza.

Alifariki mwaka 1994, mbali, katika kanisa la tano. Habari zilifika ghalani Jumapili asubuhi, watu wakiwa bado uani. Wengine walitaka kurudi nyumbani wakalie. Dobi, sasa bibi mwenye mvi, alitoa ufunguo huku machozi yakimtiririka.

"Leo ndiyo hatufungi," akasema.

Wapo wanaosimulia kwamba wagonjwa walipona kwenye mabenchi yake, nasi hatuwabishii. Ila wewe unayetumwa kuanzisha kanisa, mwige katika hili la ufunguo, kwa maana yeye mwenyewe alijifunza kwa uchungu. Asubuhi ile aliyekuwa mlevi alipiga kengele, mlango ukafunguliwa, na ibada ikaanza kwa saa yake.